Anayechimba mizizi ya jazz aanze kusikiliza wapi: 1917, 1923, au aanzie 1959 arudi nyuma?

#1 SanturiMbovu
Wakuu, salaam.

Kila ukiuliza jazz ilianzia wapi unajibiwa New Orleans. Ukiuliza usikilize nini kwanza, unatajiwa santuri ya Original Dixieland Jass Band, iliyorekodiwa New York tarehe 26 Februari 1917. Dai langu: huo ndio mlango mbaya kuliko yote. Bendi ni ya Wazungu watupu, imerekodiwa mbali na mji wenyewe, na wimbo ulioipa jina, "Livery Stable Blues", ni vichekesho: klarineti inaiga jogoo, koneti (tarumbeta fupi) inaiga farasi, tromboni inaiga ng'ombe. Mpiga koneti Buddy Bolden, ambaye wakongwe wengi wa mji ule walimtaja kuwa ndiye aliyetangulia, alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907, na hakuna hata rekodi yake moja iliyopatikana.

Maswali ni mawili. Sikio la msikilizaji wa leo lianzie wapi? Na mizizi yenyewe ni ipi hasa, maana kila mtu ana ya kwake? Karibuni.

#2 Kiti_cha_Mbele
Nimeshawahi nafasi. Waje wenye santuri zao.

#3 Mwana_Magomeni
Morogoro Jazz, Western Jazz, OK Jazz. Mizizi tunayo hapa hapa, New Orleans mnafuata nini? 😂

#4 BiKidawa
Mwana_Magomeni, usianze kutupoteza mapema hivi. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944, OK Jazz ilianza Leopoldville 1956, na zote zilijiita jazz kwa maana ya bendi ya kisasa yenye vyombo vya kizungu. Muziki wenyewe ulikuja zaidi na santuri za Cuba, zile za kampuni ya HMV zenye herufi GV zilizoanza kutoka 1933. Kama unataka kupima kwa sikio, fuata besi. Besi ya jazz kuanzia miaka ya 1930 inatembea: noti moja kwa kila pigo, nne kwa kila kipimo, bila kupumzika. Besi ya rumba inaacha mapengo kwa makusudi, na utamu wake uko kwenye mapengo hayo.

#5 KodiTatu
Swali la kwanza ni jepesi. Anza na King Oliver's Creole Jazz Band, Aprili 5 na 6, 1923, studio ya Gennett mjini Richmond, Indiana. Siku mbili, nyimbo tisa. Koneti mbili, Oliver mwenyewe na kijana Louis Armstrong. Honoré Dutrey tromboni, Johnny Dodds klarineti, Lil Hardin piano, Bill Johnson banjo, Baby Dodds ngoma.

Chukua "Dippermouth Blues", lakini kabla ya kuifurahia ihesabu. Ni blues ya vipimo 12, kila kipimo mapigo 4, kwa hiyo mzunguko mmoja ni mapigo 48, na kwa mwendo wao unaisha ndani ya sekunde 15 hivi. Kipimo cha 1 hadi cha 4 uko kwenye kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) ya nyumbani, cha 5 na 6 kodi ya nne, cha 7 na 8 umerudi nyumbani, cha 9 na 10 kodi ya tano, viwili vya mwisho nyumbani tena.

Mtiririko wake: utangulizi wa vipimo 4, mizunguko 2 ya bendi nzima, 2 ya klarineti huku wenzake wakigonga pigo na kunyamaza, 1 ya bendi nzima, 3 ya Oliver akiziba na kufungua mdomo wa koneti, sauti ya mtu inapaza kelele, bendi nzima inafunga. Kama hukusikia Oliver akianza mzunguko wa tatu, hesabu imekuponyoka. Rudi mwanzo.

Halafu usikilize bendi nzima mara tatu, kila mara ukifuata chombo kimoja. Koneti imeshika wimbo. Klarineti inapita juu kwa noti nyingi za haraka. Tromboni iko chini, inateleza kukuunganisha kutoka kodi moja kwenda nyingine. Anayejaribu kuwafuata wote kwa mkupuo mmoja ndiye anayesema "hawa wanapiga fujo".

#6 Mwana_Magomeni
Kodi ya nne, kodi ya tano... TRA wanajua kuna uzi huu?

#7 Mpiga_Besi_wa_Pwani
KodiTatu umeeleza vizuri, ila kwa mgeni ushauri huo ni wa kumkimbiza. Mtu ambaye hajawahi kusikia blues unampa rekodi ya pembe ya 1923, bila maikrofoni, yenye mikwaruzo, dakika ya kwanza ameshafunga. Mimi nasema aende kinyumenyume:

1959, "Kind of Blue" ya Miles Davis. Sauti safi, mwendo wa pole, kodi chache. "So What" ina vipimo 32: 16 kwenye ngazi ya D, 8 unapanda nusu sauti, 8 unarudi. Hata mtoto anasikia pale inapopanda.

1945, Charlie Parker, kikao cha Novemba 26. Wengi wanamrukia "Ko-Ko", ambayo imejengwa juu ya kodi za "Cherokee" na inakimbia mno. Ni kosa. Kikao hicho hicho kina "Now's the Time", blues ya vipimo 12, mwendo wa kutembea. Anza hapo, ile hesabu ya mapigo 48 inafanya kazi bila kubadilisha kitu.

Mwisho wa miaka ya 1930, Count Basie, usikie besi na gitaa vikisukuma kwa pamoja.

1928, "West End Blues" ya Armstrong.

Halafu ndiyo 1923. Akifika kwa Oliver sikio limeshaiva.

#8 KodiTatu
Limeiva kwa kitu kingine. Mtu aliyefundishwa na 1959 anasubiri mpigaji mmoja ajitokeze mbele asimulie. Mwaka 1923 kazi kubwa ni ya kundi, solo ni kipande kidogo. "Chimes Blues", ambayo ndiyo solo ya kwanza ya Armstrong kwenye santuri, ni kama wimbo uliopangwa tu, si ubunifu wa kutisha. Wa kinyumenyume wako atauliza, "mbona hakuna kinachotokea?"

#9 Fundi_Redio
Naomba niingie kwenye sauti yenyewe, kwa sababu nusu ya ubishi wenu ni wa vifaa.

Gennett 1923 hakukuwa na maikrofoni. Bendi ilipigia pembe kubwa, nguvu ya sauti peke yake ikatikisa sindano kwenye nta. Kinachopatikana ni kati ya hezi 200 na 3,000 hivi. Chini na juu ya hapo hakuna muziki, ni kelele tu. Ngoma kubwa ingeirusha sindano, ndiyo maana Baby Dodds anasikika zaidi kwenye vipande vya mbao. Lil Hardin alisimulia kwamba Armstrong alisogezwa nyuma mbali na wenzake kwa sababu alikuwa anamfunika Oliver. Kwa hiyo usihukumu upigaji wa ngoma wa 1923 kwa santuri hizi, hukumu pembe.

Maikrofoni zinaanza kuingia studio 1925. Linganisha Oliver 1923 na "West End Blues" ya Juni 28, 1928, utadhani pazia limefunguliwa.

Cha kufanya:
– Kwenye simu, ingia mipangilio ya ufikivu, washa sauti ya mono. Sindano ya santuri nyingi za 78 (mizunguko 78 kwa dakika) ilicheza kushoto na kulia tu. Ukiunganisha chaneli mbili, kelele za juu na chini zinafutana.
– Shusha treble kuanzia hezi 4,000. Usiongeze besi, utaongeza mngurumo wa mashine tu.
– Kimbia nakala zilizopakwa "stereo". Zote zilitengenezwa baadaye kwa kupeleka sauti nene sikio moja na nyembamba sikio jingine.
– Kimbia pia nakala zilizosafishwa kupita kiasi. Utazijua kwa klarineti: inalia kama iko ndani ya pipa la maji. Afadhali mikwaruzo.

#10 Hajulikani77
Fundi, hiyo ya mono ina mtego. Kampuni za Edison na Pathé zilichonga mfereji wa juu na chini, si kushoto na kulia. Gennett wenyewe walikuwa hivyo hadi 1919. Mwenye nakala akiweka mtandaoni bila kugeuza chaneli moja, ukiwasha mono muziki wenyewe ndio unafutika, unabaki na mchakacho. Wilbur Sweatman alirekodi Pathé 1917, na ni mtu ambaye mleta mada alipaswa kumtaja: Mweusi, mpiga klarineti, alishatoa "Down Home Rag" 1916, kabla ya hao Dixieland.

#11 SanturiMbovu
"Down Home Rag" ni ragtime, mkuu, ule muziki wa kuandikwa uliovuma kabla ya jazz. James Reese Europe aliirekodi kampuni ya Victor Desemba 1913 na hakuna anayeiita jazz.

#12 Hajulikani77
Wapo wanaoiita. Mpaka kati ya ragtime na jazz nani aliuchora? Sikiliza ile ya Europe ya 1913 mwishoni, ngoma imeshaacha kufuata karatasi. Ukikataa hiyo, uikatae na Dixieland, maana wao walirudia karibu kila kitu vile vile kila walipopiga. Ubunifu uko wapi?

#13 BiKidawa
Hapa ndipo mizizi inapoingia. Congo Square, New Orleans. Mwaka 1817 halmashauri ya mji iliamua watumwa wakusanyike Jumapili tu, mahali palipotajwa na meya. Mhandisi Benjamin Latrobe alipita pale 1819 akachora alichokiona: ngoma ndefu ambayo mpigaji anaikalia na kuipiga kwa mikono na vidole, na chombo cha nyuzi chenye tumbo la kibuyu, juu ya shingo yake kimechongwa sanamu ya mtu aliyeketi. Mahali pengine Marekani ya kusini hutapata maelezo ya wazi namna hiyo ya ngoma za Afrika mchana kweupe. Mnatafuta nini kingine?

#14 Mwalimu_wa_Zamu
Tunatafuta daraja, Bi. Ngoma za pale zilififia katikati ya karne ya 19. Bolden kazaliwa 1877. Ni nani aliyebeba mdundo kwa miaka hiyo yote katikati? Kiwanja chenyewe hakiwezi kumfundisha mtu koneti.

Halafu kuna hoja ya Gerhard Kubik, yule Mwaustria aliyetafiti muziki wa Uganda, Tanzania na Malawi kwa miongo. Alisema chimbuko la blues si Kongo bali ni ukanda wa Sahel, Mali hadi kaskazini ya Nigeria na Kameruni: mwimbaji mmoja na chombo cha nyuzi, sauti inayopindishwa, ngoma chache. Ushahidi wake mkubwa ni kitu ambacho hakipo. Ile mifumo ya kengele inayorudia bila kubadilika, ambayo Kongo na pwani ya Guinea imejaa na Cuba inaitwa clave, kwenye blues ya Marekani haimo.

#15 Mpiga_Besi_wa_Pwani
Haimo kwa sababu ilizuiwa. Uasi wa Stono, South Carolina, 1739, waasi walitembea na ngoma. Mwaka uliofuata sheria ya koloni ikapiga marufuku ngoma na baragumu kwa watumwa. Cuba hakukuwa na kitu kama hicho. Ukinyang'anya watu ngoma miaka mia, halafu useme "hawa hawana asili ya ngoma", hiyo ni hoja gani?

#16 Mwalimu_wa_Zamu
Sheria ya South Carolina haikuvuka kwenda Louisiana, ambayo wakati huo ilikuwa ya Wafaransa. Na mdundo si lazima uwe na ngoma, unapigwa kwa makofi na miguu. Marufuku peke yake haitoshi kueleza.

#17 Bandari_ya_Port_au_Prince
Mnabishana Kongo na Sahel mkiruka bahari iliyo katikati. Louisiana ilikuwa ya Ufaransa, ikawa ya Hispania tangu miaka ya 1760, Marekani wakainunua 1803. Mwaka 1809 na 1810 zaidi ya wakimbizi 9,000 wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, waliofukuzwa Cuba, walishuka New Orleans na karibu kuuongeza mji mara mbili. Theluthi hivi Wazungu, theluthi Weusi na machotara huru, theluthi watumwa. Mji wa namna hiyo ni wa Karibi uliobandikwa Marekani.

Mdundo wake unasikika. Hesabu nane za haraka uzigawe 3+3+2, ukandamize mwanzo wa kila fungu: MOJA mbili tatu MOJA mbili tatu MOJA mbili. Jelly Roll Morton, mpiga piano wa New Orleans, aliupiga kwa mkono wa kushoto mbele ya Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za jadi, Maktaba ya Bunge la Marekani, 1938, akisema bila rangi ya Kihispania huwezi kupata kiungo sahihi cha jazz. Msikilize kwenye "The Crave". Mkono wa kushoto Havana, wa kulia blues.

Na hapo Mwana_Magomeni anapata haki kidogo: mgawanyo huo huo ndio uliorudi Kongo na kufika kwetu na zile GV. Dansi na jazz ni mabinamu kwa upande wa Cuba.

#18 Mwana_Magomeni
Nilisema mkanicheka. Naomba radhi ziandikwe kwa herufi kubwa.

#19 KodiTatu
Morton ni shahidi mzuri wa piano na shahidi mbaya wa historia. Alidai aliianzisha jazz mwenyewe, 1902. Kwenye rekodi hizo hizo anaonyesha "Tiger Rag" ilivyozaliwa kutoka dansi ya Kifaransa ya kadrili, sehemu baada ya sehemu, na inapendeza mno kiasi cha kutia shaka. Tumia mikono yake, mdomo wake uupunguze.

#20 Ukuta_wa_Canal_Street
Mizizi yenu yote ni ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Jazz imetokea kati ya 1895 na 1910, sasa nini kilibadilika miaka hiyo? Jibu langu ni ubaguzi wa sheria. Wakreoli wa rangi, machotara wenye asili ya Kifaransa na Kiafrika, waliishi upande mmoja wa Canal Street, wakisoma noti, klarineti ya Kifaransa, opera. Weusi wa upande wa juu walipiga kwa sikio, blues na nyimbo za kanisa. Louisiana ikapitisha sheria ya mabehewa tofauti 1890. Homer Plessy, Mkreoli wa New Orleans, akakamatwa 1892, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikamwangusha 1896. Tangu hapo Mkreoli na Mweusi kisheria ni kitu kimoja. Wakalazimika kugombea kazi zile zile, wakaketi bendi moja. Mbinu ya klarineti unayoisikia juu ya Oliver ni ya upande mmoja, sauti ya kuvunja noti ni ya upande mwingine.

#21 Hajulikani77
Nzuri, ila imenyooka mno. Walikuwa wakipigiana tangu zamani kwenye bendi za matarumbeta. Kama ile hadithi ya vyombo vya jeshi vya bei chee baada ya vita vya Marekani na Hispania vya 1898: watu wanaipenda, lakini bendi za Excelsior na Onward zilikuwa zikiandamana mitaani miaka ya 1880 tayari.

Mimi nikiulizwa kilichobadilika, nitasema pedali ya ngoma kubwa. Gwaride lilihitaji watu wawili watatu wa ngoma. Ngoma ikikanyagwa kwa mguu, mtu mmoja anaketi ukumbini anapiga zote, na bendi ya watu sita inawezekana kulipwa. Kampuni ya Ludwig walipata hataza ya pedali yao 1909, lakini watu walishakuwa wakijitengenezea.

#22 Mgeni_Mjini
Nilisoma kwamba madanguro ya Storyville ndiyo yaliyoilea, yalipofungwa 1917 wapigaji wakapanda na mto hadi Chicago. Hamjaigusa.

#23 Fundi_Redio
Mto Mississippi haupiti Chicago, ndugu. Walipanda treni ya Illinois Central. Na ndani ya nyumba zile mara nyingi alikuwepo mpiga piano mmoja, bendi zilikuwa kwenye kumbi, mabaa, pikiniki za ziwani na mazishi. Serikali ilifunga Storyville Novemba 1917 kwa shinikizo la jeshi la majini, ndiyo, lakini Morton na Freddie Keppard walishaondoka siku nyingi, na Armstrong hakwenda Chicago mpaka Agosti 1922, Oliver alipomwita. Waliondoka kwa sababu ile ile iliyowaondoa Weusi wengine wa kusini: mishahara ya kaskazini, na kukwepa ubaguzi.

#24 Shangazi_wa_Blues
Mnajibu swali la pili mno, la kwanza mmelitelekeza. Kuna njia ya tatu ambayo si mbele wala nyuma: kamata wimbo mmoja, ufuate. Napendekeza "St. Louis Blues" ya W. C. Handy, 1914, kwa sababu ina mizizi yenu yote ndani ya karatasi moja. Vipimo 12 vya blues, vinarudiwa kwa maneno mengine, vinafuata vipimo 16 vya huzuni vyenye mdundo wa habanera, ule wa Cuba, halafu blues nyingine ya 12.

Kwanza Bessie Smith, Januari 14, 1925. Mwimbaji, koneti ya Armstrong, na kinanda cha upepo cha Fred Longshaw, basi. Mwendo ni wa taratibu sana. Kila Bessie akimaliza mstari, vipimo viwili vinavyobaki vinajibiwa na koneti. Hapo ndipo unajifunza kuitikiana kuliko popote. Zingatia kwamba kwenye ile sehemu ya 16 habanera imezimwa kabisa.

Pili Armstrong, Desemba 1929, bendi kubwa, maikrofoni. Habanera imerudi, na ndiyo inayofungua. Halafu bendi inaingia mwendo wa kukimbia, na sasa Armstrong anapiga tarumbeta, si koneti tena.

Tatu Armstrong, 1954, santuri ndefu, dakika zaidi ya nane. Sasa hakuna ukomo wa dakika tatu wa sahani ya inchi 10, na unaelewa kwa nini solo za miaka ya 1920 ni fupi. Ilikuwa nafasi tu, si uwezo.

Kinachoharibika kwenye zoezi hili ni tarehe. Programu za muziki zinaandika mwaka wa mkusanyiko, hivyo utakuta Bessie Smith "2003". Tafuta kwenye orodha ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, inayoitwa DAHR, ni bure. Andika jina la wimbo na mwimbaji, itakupa siku ya kurekodi na namba ya chapa iliyochongwa kwenye sahani. Armstrong amerekodi wimbo huu mara nyingi, usipoangalia namba unasikiliza mwingine.

#25 Mpiga_Besi_wa_Pwani
Shangazi, heshima. Ila wimbo mmoja hauonyeshi mapengo. Mfano, chama cha wanamuziki Marekani kiligoma kurekodi kuanzia Agosti 1, 1942, na Victor na Columbia hawakukubaliana nacho mpaka Novemba 1944. Bebop, mtindo wa akina Parker, ilipikwa klabu ya Minton's, Harlem, ndani ya miaka hiyo hiyo. Msikilizaji wa santuri anaona swing ya bendi kubwa, kisha ghafla Parker wa 1945, anadhani kashuka na mvua.

#26 Fundi_Redio
Na wewe uliyempeleka mgeni "Kind of Blue" hukumwonya. Mashine ya kikao cha Machi 2, 1959 ilikuwa inazunguka polepole kidogo, kwa hiyo upande wa kwanza wote, "So What", "Freddie Freeloader" na "Blue in Green", ulitoka umepanda sauti kidogo. Ulisahihishwa kuanzia toleo la 1992, na matoleo ya kawaida tangu 1997. Mwenye nakala ya zamani akishika gitaa afuatishe "So What" atakuta halingani, atalaumu nyuzi. Upande wa pili, wa Aprili 22, hauna shida.

Kwa santuri za 78 ni mbaya zaidi, 78 yenyewe haikuzingatiwa na kila kampuni. Njia ya haraka: wapiga matarumbeta hupenda B bapa, E bapa, F. "West End Blues" ni E bapa. Kama kipima sauti kinakwambia E kamili, nakala inakimbia kwa asilimia 6 hivi. Ifungue kwenye programu ya Audacity, badilisha mwendo, weka -5.6. Tumia mwendo, usitumie toni peke yake, maana kosa la santuri linaharibu vyote viwili kwa pamoja.

#27 Bandari_ya_Port_au_Prince
Kuna sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 2018 inayofaa kujulikana. Rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 ziliachiwa huru Januari 1, 2022. Za 1923 zikafuata Januari 1, 2024, za 1924 mwaka 2025, za 1925 mwaka 2026. Kwa hiyo Oliver wa Gennett yuko huru. Internet Archive wana sahani nyingi. Kwa kilobiti 128, dakika tatu ni MB 3 hivi, nyimbo zote tisa za Aprili 1923 hazifiki MB 30.

#28 Mwana_Magomeni
Swali la pembeni. Hivi hawa Wamarekani waliwahi kutugeukia na sisi?

#29 BiKidawa
Tena kwa Kiswahili. Randy Weston, "Uhuru Afrika", imerekodiwa Novemba 1960 na kutoka 1961, upangaji wa Melba Liston, maneno ya Langston Hughes. Mwanzoni anasikika Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akinena Kiswahili. Afrika Kusini waliipiga marufuku. Halafu kundi la Herbie Hancock la miaka ya 1970: yeye Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Billy Hart Jabali, Eddie Henderson Mganga. Henderson alikuwa daktari kweli.

#30 Mwana_Magomeni
Mpiga tarumbeta anaitwa Mganga na ni daktari. Nimeridhika, endeleeni.

#31 SanturiMbovu
Nimewasoma. Nitafuata njia ya Shangazi kwanza, hesabu ya KodiTatu pili, mipangilio ya Fundi wakati wote. Mizizi naona kila mmoja kabaki na wake, na sina wa kumpa kombe.

#32 Ukuta_wa_Canal_Street
Sawa, lakini orodha nzima ya 1923 mmeijaza koneti. Sidney Bechet yuko wapi? "Wild Cat Blues", Julai 30, 1923, bendi ya Clarence Williams. Saksafoni ya soprano inaburuta bendi nzima, na hapo Armstrong bado ni koneti ya pili kwa Oliver. Msikilize huyo kisha urudi useme mwaka 1923 hapakuwa na solo.

#33 KodiTatu
Ile si solo, ni sehemu ya kwanza iliyohama kutoka koneti kwenda saksafoni. Muundo ni wa ragtime, mafungu ya vipimo 16. Hesabu.

#34 Ukuta_wa_Canal_Street
Nimehesabu. Sikiliza mapumziko ya vipimo viwili, bendi inaponyamaza, kila mara anaingiza kitu kingine. Kama huo si ubunifu, niambie ni nini.